Picha ya Bandari Isiyo na Watu

Msomaji mpenzi, katika toleo lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia namna ya kuhifadhi mawese yasiharibike upesi. Naomba radhi, ahadi hiyo itangoja kidogo. Limezuka jambo nyumbani kwa mama mkubwa wangu hapa Kigwena, nami nimeona kwamba huenda limezuka pia katika nyumba nyingine nyingi za mwambao huu, ila wenyewe hawakupata wa kumwuliza.

Jambo lenyewe ni picha. Ni picha ndogo, upana wake haupiti daftari la shule lililofunuliwa, nayo imechorwa kwa rangi za maji juu ya karatasi. Yaonyesha bandari ya Rumonge alfajiri: mitumbwi saba imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa juu ya miti, kibanda kimoja cha nyasi kimesimama upande wa kulia, ziwa limetulia kimya, na ng'ambo kabisa palikuwapo milima ya Kongo. Nasema palikuwapo, na sababu yake nitaieleza papo hapo mbele, ingawa hainiletei sifa.

Aliyeichora ni marehemu baba mkubwa, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuichorea Rumonge. Alikimbia pamoja na mkewe mwaka 1972, kama walivyokimbia maelfu ya watu wa upande wetu huu, na picha hii aliichora miaka zaidi ya kumi baadaye, katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, kwa kisanduku cha rangi alichopewa cha kufundishia watoto. Tangu aliposhuka mtumbwini hakuwa ameliona ziwa tena. Aliichora kwa kukumbuka tu. Wazee walioijua Rumonge ya zamani husema kwamba kibanda kile kipo mahali pake hasa. Sisi watoto tuliozaliwa Mishamo tulijifunza sura ya nchi yetu kutoka katika karatasi ile, na nakumbuka mmoja wetu alipata kumwuliza mbona bandari yake haina hata mtu mmoja. Alijibu kwamba hakujua amchore nani.

Kwa mwenyeji wa Rumonge picha hiyo ni ya ajabu. Alfajiri ndiyo saa ya makelele makubwa katika bandari ya wavuvi. Ndiyo saa maapolo yanaporudi kutoka ziwani na taa zake, ndagala humwagwa katika mabeseni, akina mama wachuuzi husukumana, wapagazi hupiga kelele za kuombwa njia, na mwenye mukeke mkubwa humnyanyua kwa mkia ili wote wamwone. Utulivu haupo, isipokuwa kwa siku chache za mwezi mpevu, ambapo mbalamwezi huishinda nguvu taa ya mvuvi, ndagala hawaikusanyikii, na vyombo hulala pwani. Mimi hudhani baba mkubwa alichagua asubuhi moja ya siku hizo. Mama mkubwa husema nafikiri kupita kiasi.

Familia ilirejea mwaka 2008, picha ikiwa ndani ya sanduku la bati kati ya vitenge. Kioo chake kilivunjika njiani. Ilitundikwa sebuleni hivyo hivyo bila kioo, juu ya mlango wa kuelekea jikoni, na kwa miaka minne ikavuta vumbi la barabara na moshi wa mkaa. Mwaka 2012, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti mkononi, tena nikiwa na ile bidii ya kijana anayetaka kuonekana kuwa msaada nyumbani, niliiteremsha, nikachovya kitambaa safi katika maji safi, nikaanza kuipangusa kutoka juu. Nilipangusa mara mbili tu. Kitambaa kiligeuka rangi ya samawati, na milima ya Kongo haikuwapo tena.

Hapa yafaa nieleze rangi ya maji ni kitu gani, maana laiti ningejua siku ile ningeweka mikono yangu mfukoni. Rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na maboti, ikikauka hukauka moja kwa moja. Hata ukiiosha haitoki. Rangi ya maji sivyo. Hiyo ni unga laini wa rangi ulioshikamanishwa kwa utomvu wa mgunga, aghalabu ule utokao Sudani, na utomvu huo ukiguswa na maji huyeyuka tena, leo, kesho, hata baada ya miaka mia. Mchoraji huishi kwa siri hiyo, kwa kuwa huweza kuilainisha rangi na kuieneza ikawa nyembamba kama ukungu wa asubuhi. Lakini siri hiyo hiyo ndiyo kifo cha picha iangukiapo mikononi mwa mtu msafi.

Tena iko siri ya pili. Mchoraji hodari wa rangi za maji hatumii rangi nyeupe. Weupe wote uonekanao katika picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Katika picha ya baba mkubwa ziwa halikuchorwa kabisa, isipokuwa mistari mitatu ya kijivu kwa chini na kivuli kidogo cha kila mtumbwi. Maji yote yale tuliyoyatazama utotoni, tukayaonea kiu, yalikuwa karatasi tupu. Nilipolitambua jambo hili baada ya kusoma, nilimweleza mama mkubwa, naye akanijibu kwamba yeye alilijua siku zote, kwa sababu alikuwa amekaa kando yake akichambua maharage siku ile alipokuwa akichora.

Basi, msomaji, msiba haukuja peke yake. Wengi wenu mwakumbuka jinsi ziwa letu lilivyopanda katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, likazimeza nyumba, mashamba na barabara za kando yake kuanzia Gatumba hadi huku kusini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea maji, yaani mto Lukuga, upande wa Kalemie. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hayana haraka ya kuondoka. Nyumba ya kwanza ya mama mkubwa ilikuwa karibu mno na ufuko. Maji yaliingia usiku wa mwaka 2021. Walibeba watoto kwanza, kisha magodoro, kisha sanduku. Mjukuu mmoja wa miaka tisa ndiye aliyeikumbuka picha, iliyokuwa imeteremshwa ukutani na kuegemezwa sakafuni ili kupisha chokaa, akaitoa kichwani ndani ya beseni. Nusu ya chini ilikwisha kulowa. Ilipokauka, mstari wa rangi ya kahawia ulikuwa umepita katikati ya ziwa la karatasi, kutoka ukingo hadi ukingo, kama alama ya maji juu ya ukuta.

Leo mama mkubwa anakaa juu zaidi, upande wa barabara, si mbali na msitu wa Kigwena. Msitu wetu huo mdogo, wa hekta zipatazo 500, uliwekwa katika hifadhi, nao ni neema kwa kivuli chake. Ila hewa ya huku ni ya unyevu, na karatasi hupenda kuota ukungu. Hapo ndipo shauri letu lilipoanzia. Kaka yangu, mwana wa baba mkubwa, alimleta mchoraji wa mabango kutoka mjini, kijana mwenye mkono mzuri kwa kweli, aliyepamba saluni na maduka mengi. Kijana alitazama picha akasema kwamba ataifufua kwa siku moja: atarudisha milima, ataufunika mstari wa kahawia kwa buluu, atazing'arisha nyavu. Kaka akamwomba aongeze jambo moja. Kilimani nyuma ya kibanda aweke nyumba ya matofali na miembe mitatu, yaani nyumba yetu ya zamani.

Huenda msomaji ameanza kuelewa. Kuna kiwanja kilimani ambacho sisi tunasema ni chetu, na jirani anayekikalia naye ana watoto waliozaliwa pale. Mashauri ya namna hiyo yana vikao vyake, wala si kazi ya ukurasa huu kuyaamua. Kaka yangu si mwongo. Nyumba ilikuwapo, na miembe ilikuwapo, na yeye mwenyewe aliipanda akiwa mtoto. Aliona tu kwamba picha ya baba ingekuwa na uzito zaidi ikiwa nayo. Mama mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, baba yenu aliijua nyumba yake. Kama angetaka kuichora, angeichora." Halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndimi mwandishi wa habari za nyumbani, akataka niseme la kufanya na picha. Nikaomba juma moja.

Katika juma hilo nilijifunza mengi, na baadhi yake nawapa.

La kwanza ni juu ya mwanga. Tumezoea kutundika picha mahali penye jua ili wageni waione. Kwa picha ya rangi za maji hilo ni kosa. Mwaka 1888 wanasayansi wawili wa Uingereza, Russell na Abney, walitoa ripoti baada ya kuziweka rangi za maji za aina nyingi juani kwa miezi mingi. Waliona kwamba nyingi zilipauka, na kwamba zile zilizotiwa katika mirija isiyo na hewa wala unyevu zilistahimili zaidi sana. Kwa hiyo jua peke yake ni adui, lakini jua pamoja na hewa ya unyevu, kama hii ya ziwani kwetu, ni adui wawili walioshikana mikono. Rangi zitokazo katika udongo, mathalani ile ya manjano iliyoiva na ile ya kahawia, huvumilia. Nyekundu zitokazo kwa wadudu au mimea, na buluu ya nili, hutoroka mapema. Katika picha yetu mchanga na mitumbwi ni kama vilichorwa jana, ilhali wekundu wa mapambazuko umebaki harufu tu.

Wako watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Tajiri mmoja wa Kiingereza, Henry Vaughan, alipofariki aliliachia jumba la sanaa la taifa la Scotland, mjini Edinburgh, picha 38 za rangi za maji za mchoraji Turner, kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi wa Januari peke yake, kwa kuwa huko Januari ni mwezi wenye mwanga hafifu. Jumba lilizipokea mwaka 1900, na desturi hiyo ingali inafuatwa hata sasa, ingawa siku hizi mwanga waweza kupunguzwa kwa mapazia na taa. Nilipomsimulia mama mkubwa alicheka sana. Januari yetu, alisema, jua likitoka kati ya mvua mbili hupasua kichwa.

La pili, msidhani kwamba sanaa hii ni ya Wazungu na hali yao ya hewa. Maji ya ziwa letu yakitoka kwa Lukuga huungana na mto Lualaba, na juu katika mto huo, katika mji wa Bukama wa Katanga, aliishi Albert Lubaki. Alikuwa akipamba kuta za nyumba kwa picha, na mvua ilikuwa ikizifuta kama mimi nilivyoifuta milima. Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kibelgiji, Georges Thiry, alivutwa na picha hizo, akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe Antoinette naye alichora. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930, kisha dunia ikamsahau mwenyewe. Lakini karatasi zilitunzwa, hata mwaka 2015 zikatundikwa tena Paris katika maonyesho ya sanaa ya Kongo. Karatasi ile ile ambayo kwetu huliwa na mende ndani ya miaka mitano imeishi karibu miaka mia moja, kwa sababu tu iliwekwa mahali pakavu na penye giza.

La tatu ni kazi ya mikono, na hapa akina mama na akina baba wenye picha za karatasi, hata vyeti na barua za zamani, wachukue kalamu. Picha iwe ndani ya fremu yenye kioo, lakini kioo kisiiguse. Kata pambizo la kadibodi nyeupe kuizunguka, unene wake ndio utakaotenga kioo na karatasi. Vikigusana, jasho la kioo huinatisha rangi na hutaibandua tena. Msiibandike picha kwa utepe wa gundi wa dukani, kwa maana gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi. Pikeni uji mzito wa wanga wa ngano, na kwa huo mshikilie picha kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba, upande wa juu tu, ili iweze kupumua. Nyuma ya fremu, katika pembe mbili za chini, gundisheni vipande vya kizibo cha chupa. Fremu itasimama mbali kidogo na ukuta, hewa itapita, na mchwa apandaye ukutani ataonekana kabla hajaingia. Ukuta uwe wa ndani, si ule upigwao na mvua, wala si juu ya jiko.

Ikilowa, msiianike juani, itajikunja na kupasuka. Msiisugue. Ilazeni juu ya karatasi nyeupe inyonyayo maji, kivulini, mkibadilisha karatasi hiyo kila ilowapo. Ikiwa imeganda kwenye kioo, iacheni na kioo chake hadi apatikane mjuzi. Wataalamu wa majumba makubwa huziweka karatasi zilizolowa katika friji ya barafu ili kuzuia ukungu hadi wapate nafasi ya kuzishughulikia. Sisi wa Kigwena ambao friji zetu zimejaa mukeke na vinywaji vya harusi za watu, tufanye upesi tu. Ukungu ukiota, ngojeni ukauke kabisa, kisha mtoke nje na mwupunguze kwa brashi laini, mkiwa mmefunga pua na mdomo kwa kitambaa.

Na kabla ya lolote, pigeni picha kwa simu mkiwa mchana, kivulini, bila taa ya simu. Lau ningefanya hivyo mwaka 2012 tungejua leo milima ile ilikuwa ya samawati ipi.

Juma lilipokwisha nilikwenda kwa mama mkubwa. Niliwasalimu, tukaketi, na kijana wa mabango akiwapo. Nilisema kwamba mimi ndimi niliyeondoa milima, kwa hiyo ningependa kuliko mtu yeyote irudishwe. Lakini rangi ya mafuta juu ya karatasi ile ingefunika kazi ya mkono wa baba mkubwa, na kila atakayeitazama baadaye hatajua ni wapi baba anaishia na wapi kijana anaanzia. Na nyumba ya matofali ikiongezwa, basi hata mitumbwi saba ya kweli itatiliwa shaka. Kaka alinyamaza muda mrefu. Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia, ingawa hakusema, wala mimi sikumdai aseme. Kwa kikao cha kiwanja, alisema hatimaye, ataleta wazee walioiona nyumba.

Mama mkubwa hakutaka kijana aondoke bure. Alimwagiza achore bandari nyingine, ya kwake mwenyewe, kwa rangi ya mafuta juu ya plaiwudi, itundikwe sebuleni penye mwanga. Kijana aliichora Rumonge kama anavyoijua: maapolo yenye taa za sola, boti la injini, akina mama na mabeseni, mtoto anayeiba ndagala mbili. Ni kazi ya kuchangamsha, na wageni huisifu. Mama mkubwa huihesabu watu wake. Wako ishirini na wanne, na mmoja anasema anamdai fedha.

Ile ya karatasi tulimtengenezea fremu na pambizo kama nilivyoeleza, ikafungwa katika kitenge cha zamani kilichofuliwa mara nyingi kisichochuja rangi, ikalazwa ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kwa matofali manne. Mstari wa kahawia umebaki. Nilisoma kwamba mjuzi aweza kuupunguza kwa maji maalumu, lakini neno maji lilipotajwa mama mkubwa alinitazama, nami nikaacha.

Huitoa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Julai, kwa kuwa kiangazi hewa ni kavu. Huitundika siku saba katika chumba cha ndani, na wajukuu huingia mmoja mmoja. Kiangazi vumbi na moshi huujaza upeo wa ziwa, nawe ukisimama ufukoni hapa kwetu huioni ng'ambo kabisa. Julai iliyopita yule aliyeibeba picha kichwani, ambaye sasa ni kijana wa sekondari, aliitazama, akatoka hadi mlangoni, akaangalia ziwa, akarudi, akauliza milima ya Kongo imekwenda wapi. Mama mkubwa hakuonyesha picha wala hakuonyesha ziwa. Alininyooshea kidole mimi.